Kicheko Kile Kilimhusu Nani?
Mwanzoni mwa miaka ya 1950, chini ya ukoloni, ilipigwa sinema ya kuchekesha iitwayo Muhogo Mchungu. Mtu wa shamba aingia Dar es Salaam, na wajanja wa mjini wamlaghai. Mshamba huyo aliigizwa na Rashidi Kawawa, yule yule aliyekuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la wafanyakazi, TFL, mwaka 1955, na Waziri Mkuu mwaka 1962. Sisi twauliza: watazamaji walimcheka nani? Kijana wa Muheza ashukaye mjini na machungwa yake hakupungukiwa akili. Hajui tu bei ya sokoni wala njia za mitaa. Mlaghai azijua zote mbili, naye hakuna aliyemcheka.