Istilahi za Mpiga Kinanda wa Bendi

Katika kurasa hizi tumezoea kuchambua istilahi za sheria, za fedha na za sayansi. Safari hii tumeona yafaa tushughulikie fani ambayo aghalabu huachwa ijitafutie maneno yenyewe, nayo ni kazi ya mpiga kinanda wa bendi. Mpiga kinanda ni fundi anayejinunulia zana kwa fedha nyingi, anayeingia mikataba, na ambaye mara nyingine huagiziwa ala na ofisi za umma, shule na vikundi vya utamaduni. Katika kila hatua hiyo neno lisilo wazi humgharimu yeye, au humgharimu aliyemwajiri. Tuchukue mfano wa ofisi inayoandika katika orodha yake ya manunuzi "kibodi mbili". Mwuzaji akileta kibodi mbili za kompyuta hatakuwa amekosea lugha. Na ofisi ikiandika "vinanda viwili" kisha ikaletewa kodiani mbili, hapo pia mwuzaji atakuwa na la kujitetea.

Neno kinanda lina historia ndefu katika pwani yetu. Hapo awali lilitaja ala ya nyuzi, na ndiyo maana wafasiri wa Zaburi waliliweka sambamba na kinubi. Baadaye lilipanuka likachukua piano, ogani ya kanisani na kodiani. Likachukua hata gramafoni, iliyoitwa kinanda cha santuri ingawa hakuna aliyepata kuipiga kwa vidole. Na ile ala ndogo ya kupuliza ikawa kinanda cha mdomo. Upana huo hatuuonei aibu wala hatuna nia ya kuupunguza kwa amri. Twashauri kinanda kiendelee kuwa jina la jumla la ala yoyote yenye safu ya vibonyezo vya noti, ila kila panapohusika fedha au mkataba jina la aina lifuate.

Tumesema vibonyezo, na hapa yatupasa tueleze. Wafasiri wengi wa vijitabu vya maelezo huandika "funguo", kwa kuwa Kiingereza kina neno moja tu kwa kitu kinachofungua kitasa, kwa kile kidole kinachobonyeza kwenye piano, na kwa noti ambayo wimbo umeikalia. Sisi hatuna sababu ya kuubeba mkanganyiko wa jirani. "Kinanda chenye funguo 88" chamfanya msomaji amfikirie mlinzi wa ghala. Cha kidole na kiitwe kibonyezo. Kuhusu lile jambo la tatu, wanamuziki huliita ki katika mazungumzo yao, nasi hatuoni haja ya kuwapokonya.

Uchaguzi wa kwanza wa mpiga bendi, basi, ni wa aina. Ipo piano ya jukwaani, yenye vibonyezo 88 au 73 na nyundo bandia ndani yake, iliyokusudiwa kumpa mkono hisia ya piano halisi. Ipo ogani ya umeme. Ipo sintesaiza, ambayo huunda milio kwa umeme na kumruhusu mpigaji kuifinyanga atakavyo. Kipo kinanda chenye kusindikiza: mkono wa kushoto ukishika kodi moja, ala yenyewe hutoa ngoma, besi na magitaa. Na kipo kile kisicho na mlio wowote wa kwake, ambacho kazi yake ni kupeleka amri za vidole kwenye kompyuta au kwenye ala nyingine kwa njia ya MIDI, yaani ule utaratibu wa mawasiliano ulioanza kutumika mwaka 1983 na kuwezesha ala za makampuni mbalimbali kuelewana. Hicho cha mwisho tulifikiria kukiita kinanda bubu. Lakini neno bubu, tangu lilipoambatana na bandari, limeingiwa na harufu ya magendo, na katika hati ya forodha harufu hiyo haifai. Twapendekeza kinanda kimya.

Tofauti kati ya sintesaiza na kinanda chenye kusindikiza ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mwenye hoteli anapomwuliza mpigaji kama ana kinanda cha kisasa, mara nyingi anachouliza ni kama ataweza kuwalipa watu wawili badala ya sita. Mpigaji akinunua ala ya aina hiyo atapata kazi za peke yake katika harusi na mahoteli, penye nyimbo za kukopi na ukumbi mdogo. Akija nayo katika bendi yenye mpiga ngoma, mpiga besi na magitaa matatu, sehemu kubwa ya fedha aliyolipa haitatumika, kwani wote wale wapo mbele yake na kila mmoja ana nafasi yake. Huko atakachohitaji ni milio michache iliyo mizuri, na kuijua nafasi iliyobaki baina ya magitaa. Kwa hiyo mfasiri wa tangazo la biashara asiandike tu "kinanda cha kisasa". Neno hilo halimwambii mnunuzi lolote.

Tuingie sasa katika sifa ambayo Kiswahili chetu cha muziki kimeilemea mno, nayo ni -zito. Gitaa la besi huitwa gitaa zito kwa sababu noti zake ni za chini. Piano ya jukwaani huitwa nzito kwa sababu vibonyezo vyake vinadai nguvu ya kidole. Na ala yoyote huitwa nzito kwa sababu inamwumiza mgongo mwenye kuibeba. Haya ni mambo matatu, na mpigaji hana budi kuyapima moja moja. Piano ya jukwaani yenye vibonyezo 88 hupita urefu wa mita moja na robo, na uzito wake huweza kuwa kilo 12, huweza pia kuwa zaidi ya kilo 20. Mtu atakayekwenda na kurudi kwa bajaji usiku wa manane ataikumbuka kila kilo. Sintesaiza ya vibonyezo 61 huweza kuwa na kilo tano au sita tu, na vibonyezo vyake hushuka kwa kuguswa. Aliyezoea ogani hupenda wepesi huo, maana mapigo ya ogani huteleza. Aliyejifunza kwa piano hulalamika kuwa hakishiki kitu. Sasa mwuzaji akisema "hiki si kizito", mnunuzi amwelewe vipi? Twashauri noti ziitwe za chini au za juu, vibonyezo viitwe vigumu au laini, na neno zito liachiwe mizani. Hatutarajii kuliondoa gitaa zito vinywani mwa watangazaji, nalo ni jina zuri. Twazungumzia hati na vijitabu vya maelezo.

Neno la pili lililolemewa ni sauti, na hasara yake ni kubwa zaidi. Katika lugha ya kila siku sauti ni ile itokayo kooni, ni kiasi cha kelele, ni noti, na ni ile ladha inayotofautisha fidla na filimbi. Katika maelezo ya vinanda hukutana idadi mbili ambazo mfasiri asiye mwangalifu huziita zote "sauti". Idadi ya kwanza ni ya noti ambazo ala yaweza kuzitoa kwa wakati mmoja. Yamaha DX7, iliyotoka mwaka 1983 na kuenea duniani kote, iliweza noti 16. Ala za siku hizi huweza 64, 128 au zaidi. Idadi ya pili ni ya ladha zilizohifadhiwa ndani: piano, ogani, tarumbeta, nyuzi na kadhalika, ambazo huweza kufika mamia. Mtu akisoma "sauti 64" ataelewa kwamba atapata ladha 64, kumbe alichoambiwa ni noti. Naye atakapopandanisha nyuzi juu ya piano, huku mguu umekanyaga pedali, kila kibonyezo kitakula noti mbili au zaidi, na zile za mwanzo zitaanza kukatika katikati ya wimbo bila ya yeye kujua sababu. Twapendekeza idadi ya kwanza iitwe noti za pamoja, na ya pili iitwe milio. Kiasi cha kelele kiitwe ukubwa wa sauti. Sauti peke yake ibaki kwa mwimbaji.

Katika jambo hilohilo yafaa kutenganisha vitenzi viwili. Kupandanisha ni kuifanya milio miwili itoke kwa kibonyezo kimoja. Kugawa ni kuupa upande wa kushoto wa kinanda mlio mmoja na wa kulia mwingine, kama afanyavyo mpigaji anayeshika besi kwa mkono wa kushoto pale bendi inapokuwa pungufu. Wote wawili tumewahi kuwaona wakiandikwa "kuchanganya", na kuchanganya ni kazi ya mtu wa mikisa.

Wapiga taarabu wana swali lao. Maqamu za Kiarabu kama Rast na Bayati zina noti zinazoangukia kati ya vibonyezo viwili vilivyopakana. Mpiga fidla huzipata kwa kidole na mpiga kanuni huzipata kwa vile vijichuma vya kando ya nyuzi, lakini kinanda cha kawaida kina noti 12 tu katika kila oktavo. Tangu taarabu ya kisasa ilipokiweka kinanda mbele mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa vikundi kama East African Melody na Tanzania One Theatre, jambo hili limekuwa la uchaguzi: mpigaji aidha huziacha maqamu hizo, au hununua ala yenye swichi za kuishusha noti moja moja kwa robo toni. Robo toni ndilo neno. Robo sauti lingeturudisha tulikotoka.

Umeme nao una istilahi zake. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, yaani hetzi 50. Ala iliyotengenezwa kwa soko la Japani huhitaji volti 100, na ya Marekani volti 120. Transfoma hurekebisha hayo. Transfoma hairekebishi hetzi. Kwa vinanda vya leo jambo hilo si kitu, bali ogani za zamani za Hammond, kama ile B-3 iliyotoka mwaka 1954 na kukaribia kilo 190 pamoja na pedali na benchi, zilizungusha magurudumu yake kwa mota inayofuata hetzi za umeme. Ogani ya hetzi 60 ikiwashwa hapa kwetu hushuka karibu nusu toni tatu, na bendi nzima italazimika kuifuata au kuizima. Mfasiri anayeandika "nguvu ya umeme" kwa volti, kwa hetzi na kwa wati, humnyima msomaji ndiyo habari yenyewe.

Limebaki neno vyombo. Bendi kubwa za Dar es Salaam za enzi ya mashirika, kama NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma, zilikuwa na vyombo vya mwajiri na wanamuziki wa mshahara. Wakati huo "vyombo" lilitosha, kwani vyote vilikuwa vya mmoja. Leo mpigaji mmoja huweza kuitwa na bendi tatu kwa wiki, na kinanda ni chake mwenyewe. Mkataba unaosema "mpigaji atakuja na vyombo" unamwacha mahali pabaya: je, alete kinanda tu, au na stendi, amplifaya na spika pia? Nani atalipa gari? Kikimwagikiwa na kinywaji hasara ni ya nani? Twapendekeza ala kwa kile kinachopigwa, mitambo ya sauti kwa mikisa, amplifaya na spika za ukumbi, na vyombo kwa jumla ya vyote hivyo.

Mtendaji mwenyewe hatukumtafutia jina, kwani waandishi wa magazeti wamekwisha kumpa: mpapasa kinanda. Wapo wanaoliona neno hilo la mitaani. Sisi twaliona limeokotwa kutoka katika mwendo wenyewe wa vidole, kama mcharaza gitaa na mpuliza tarumbeta, nasi twalikubali katika maandishi rasmi, sawa na mpiga kinanda. Kwa makarani watakaohitaji mfano wa kifungu cha mkataba, huu wafaa: "Mpapasa kinanda atakuja na ala moja, piano ya jukwaani yenye vibonyezo 88 vigumu, pamoja na stendi na pedali yake. Mwajiri atatoa mitambo ya sauti, spika moja ya mpigaji kujisikilizia, umeme wa volti 230, na usafiri wa ala kwenda na kurudi. Ala itakapoharibika ukumbini si kwa kosa la mpigaji, mwajiri atalipa matengenezo."