Tikiti ya Makumbusho ya Paris

Jamaa wanaokwenda Paris kutazama ndugu zao huuziwa tikiti iitwayo Paris Museum Pass, inayolipwa mbele, ya saa 48, 96 au 144. Yafungua Louvre, Sainte-Chapelle, hata jumba la wafalme la Versailles. Lakini saa hizo zaanza mlangoni pa kwanza, wala hazisimami usiku: aingiaye Alhamisi saa nne asubuhi kwa tikiti ya saa 48, mwisho wake ni Jumamosi saa nne. Louvre hufungwa Jumanne, Versailles Jumatatu. Tena zote mbili zataka uagize mapema saa ya kuingia. Mnara wa Eiffel haumo kabisa. Na watoto, je? Walio chini ya miaka 18 huingia bure katika makumbusho ya serikali. Baba awanunulie viatu kwa fedha hiyo.