Fimbo ya Mchungaji



Mwaka 1997 huko Likoni, na tena mwaka 2008 baada ya uchaguzi, watoto waliona watu wazima wakimaliza ugomvi kwa panga. Watoto wale leo ni wazazi na walimu. Wakishika kiboko, wafundisha somo lile lile: mwenye nguvu ndiye mwenye haki.

Sheria ya Kenya ilikataza viboko shuleni mwaka 2001. Bado twasikia, “Mchape, Mithali yasema!” Naam, yasema. Lakini katika Zaburi 23 fimbo ya Mchungaji yamfariji Daudi. Mchunga mbuzi wa Tezo aelewa: ni ya kuongozea kundi na kufukuzia fisi.

Mwalimu, mtoto akipigana, mwite kando. Muulize kwanza ameona nini nyumbani.

Tuombe.