Studio imehamia chumbani, majukumu yake je?

Katika miaka ya 1970, bendi ya dansi ya Tanzania iliyotaka wimbo wake usikike nchi nzima ilikuwa na mlango mmoja wa kubisha: studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu. Mashairi yalitangulia, yakakaguliwa. Bendi ikikubaliwa ilipangiwa siku, ikaingia na ala zake zote na kuupiga wimbo kwa pamoja, mwanzo hadi mwisho. Mpiga gitaa akikosea, wote walianza upya. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo sahani zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo nayo ikawa ngumu.

Leo kijana wa Tandale au Mbagala anahitaji kompyuta mpakato, maiki, saundi kadi na hedifoni. Akivikosa hivyo, anaanza na simu. Anaandika mashairi jioni, anaingiza sauti usiku wa manane mtaa ukiwa umelala, na kesho yake wimbo uko tayari kupandishwa mtandaoni. Hakuna wa kumkagua wala wa kumwambia arudi wiki ijayo.

Uhuru huu ni mkubwa na haufai kubezwa. Lakini mlinzi wa mlango wa zamani hakuwa na kazi ya kuzuia tu. Alihakiki, alisahihisha, aliandika kwenye kumbukumbu nani kapiga nini na lini. Alipoondoka, kazi hizo zilibaki. Wengi wanaorekodi nyumbani hawajajua kwamba sasa ni zao.

Mlango ulivyofunguka

Mlango ulianza kulegea miaka ya 1990, redio binafsi zilipoingia hewani na studio ndogo kuota Dar es Salaam. Maprodyuza kama Master J na P-Funk Majani wa Bongo Records ndio walioipa Bongo Fleva ya mwanzo sauti yake. Hata hivyo ufunguo ulibaki kwa prodyuza. Asiye na fedha ya kulipia wimbo, wala mtu wa kumshika mkono, alikaa kwenye benchi nje ya studio akisubiri huruma.

Kilichovunja kabisa utaratibu huo ni programu ya kompyuta. Mwishoni mwa mwaka 1997 kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilitoa FruityLoops, ambayo baadaye iliitwa FL Studio. Ilikubali kufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida na haikumlazimisha mtu kujua kusoma nota. Nakala zake, nyingi zikiwa za wizi, zilisambaa duniani kwa CD na kwa flashi. Mtu aliyejua kuhesabu mapigo aliweza kupiga biti bila kumiliki ngoma hata moja.

Kwingineko safari hii ilianza mapema zaidi. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani iliuza Portastudio 144, mashine ya kwanza iliyomwezesha mtu kurekodi njia nne za sauti kwenye kaseti ya kawaida. Januari 1982 Bruce Springsteen aliitumia nyumbani kwake New Jersey, Marekani, akiwa na gitaa, kinanda cha mdomo na maiki mbili za Shure SM57, aina ambayo hadi leo utaikuta kwenye majukwaa ya makanisa na kumbi za harusi. Alikusudia kaseti hiyo iwe rasimu ya kuwaonyesha wenzake wa bendi. Bendi ilipojaribu nyimbo hizo studioni, roho yake ilipotea. Kaseti ndiyo iliyotoka kama albamu, Nebraska, Septemba mwaka huohuo.

Miaka 37 baadaye Billie Eilish alitoa albamu aliyoirekodi na kaka yake, Finneas, katika chumba cha kulala cha nyumba ya wazazi wao, Los Angeles. Mwanzoni mwa 2020 aliondoka na tuzo zote nne kubwa za Grammy.

Mifano hii miwili hupendwa sana na wauza vifaa, na kila mara husimuliwa nusu. Springsteen alipokaa chumbani peke yake alikuwa ameshatoa albamu tano, na mafundi walihenyeka kuihamisha kaseti ile kwenye santuri. Albamu ya Eilish iliondoka chumbani ikaenda kwa fundi wa miksi, kisha kwa fundi wa kuimasta. Wimbo ulizaliwa nyumbani, kazi ya mafundi ikabaki palepale.

Somo la uswahilini

Kwetu mfano ulio hai zaidi ni singeli. Kabla yake kulikuwa na mchiriku, muziki uliojengwa juu ya vinanda vidogo vya Casio na spika zilizokwaruza, na ambao kundi la Jagwa Music liliufikisha hadi Ulaya. Singeli ilirithi ujasiri huo. Ilichukua vipande vya muziki wa taarabu, ikavikimbiza kwa kompyuta hadi mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, wakati mwingine yakikaribia 300, kisha mchanaji akaingia juu yake kwa kasi ileile.

Studio ya Sisso iliyoko Mburahati ni miongoni mwa zilizoupa muziki huo jina nje ya nchi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi za hapo katika albamu iitwayo Sounds of Sisso, na vijana waliokuwa wakipiga vigodoro, sherehe za usiku za mitaani, wakaanza kupata mialiko ya matamasha ya Ulaya.

Mafanikio ya hawa hayakutokana na vifaa. Hawakujaribu kuigiza studio ya mamilioni, bali walijenga sauti inayotokana na kile walichokuwa nacho. Na walikuwa na mhakiki mkali kuliko kamati yoyote ya redio: kigodoro chenyewe. Biti isiyowainua watu pale haihitaji mchambuzi.

Kazi ya kwanza: kuhakiki

Hapa ndipo wengi wanaorekodi peke yao wanapojikwaa. Bendi za dansi zilipiga wimbo mpya ukumbini wiki hata wiki kabla ya kuingia studio. Mwimbaji aliona ubeti upi unawarudisha watu vitini na kiitikio kipi wanaondoka wakikiimba. Siku ya kurekodi, wimbo ulikuwa umeshakomaa.

Chumbani, ubeti huandikwa na kurekodiwa ndani ya saa moja. Sauti ya mwenyewe kwenye hedifoni, ikiwa na mwangwi wa programu, humdanganya kila mtu. Dawa ni ya zamani. Uimbe wimbo bila biti, mbele ya watu wawili watatu ambao hawakuogopi. Mashairi yasiyosimama bila ngoma hayatasimamishwa na ngoma. Kisha uuache wimbo siku kadhaa, uusikilize tena asubuhi kwa spika mbovu ya simu, kwa sababu wasikilizaji wengi watausikia hivyohivyo.

Kazi ya pili: chumba

Fedha ya kwanza ya mwanamuziki huishia kwenye maiki ya bei, wakati tatizo liko ukutani. Chumba cha saruji kisicho na pazia hurudisha sauti kutoka kila upande, na maiki ya kondensa, ambayo ndiyo inayotamaniwa na wengi, hunasa yote: mwangwi, feni, friji, bodaboda ya jirani. Maiki ya dainamiki, ile ya jukwaani, husamehe zaidi na bei yake ni nafuu.

Vitu vya nyumbani hutosha. Godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji, mablanketi mazito mbele yake, au kabati lililojaa nguo lililofunguliwa milango, hunyonya mwangwi kwa kiasi cha kushangaza. Mdomo ukae umbali wa shubiri moja kutoka kwenye maiki, na mwimbaji asimame. Kipimo cha sauti kwenye programu kisiguse nyekundu kamwe, kwani sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hakuna fundi wa kuiunga. Faili lihifadhiwe kama WAV, si MP3, na nakala ya pili iwekwe nje ya kompyuta. Kompyuta huibwa, na umeme ukikatika katikati ya kazi hauagi.

Wenye paa la bati wanajua jambo ambalo vitabu vya ughaibuni havilitaji: masika kuna siku za kutunga tu. Ziwe za kutunga.

Miksi na masta ni habari nyingine. Anayeweza ajifunze, lakini mtunzi aliyeusikia wimbo wake mara mia hausikii tena. Sikio la mtu wa pili, hata la rafiki anayefanya kazi hiyo kwa malipo kidogo, lina thamani kuliko programu mpya.

Kazi ya tatu: daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afrika Mashariki ina ushahidi wake katika Malaika, wimbo uliozunguka dunia kwa sauti za akina Miriam Makeba na Boney M. Fadhili William wa Kenya aliurekodi na jina lake likasimama kama mtunzi. Hadi leo wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi halisi ni Adam Salim, na ubishi huo haujaisha kwa sababu umiliki wa wimbo haukuandikwa mapema.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki tangu anapoiumba kazi yake, na haki hiyo humlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, si kuizaa haki, ni kuipatia ushahidi. Wakenya wana bodi yao ya hakimiliki, KECOBO, kwa shughuli hiyohiyo. Tatizo la wimbo wa chumbani ni kwamba mara nyingi haujulikani ni wa nani. Mmoja katunga mashairi, mwingine kapiga biti, wa tatu kaimba kiitikio, na wote wamekubaliana kwa mdomo. Wimbo ukikaa kimya, urafiki unadumu. Ukivuma, urafiki unakwenda kwa wakili.

Biti za mtandaoni zina mtego wake. Nyingi zinazoitwa za bure ni za kujifunzia, hazina ruhusa ya biashara. Zile za bei ndogo hukodishwa kwa wasanii wengi kwa pamoja, mara nyingi kwa kikomo cha idadi ya kusikilizwa. Na wanaokata vipande vya taarabu au dansi la zamani wakumbuke kwamba nyuma ya kila kipande yupo mtunzi, au wajukuu wake.

Karatasi moja inatosha, yenye majina kamili, asilimia ya kila mmoja, jina la mwenye masta (yaani rekodi yenyewe), tarehe na sahihi. Kila rekodi ipate pia namba yake ya utambulisho, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, ambayo wasambazaji wengi wa mtandaoni huitoa. Bila namba hiyo, malipo hayajui njia ya kurudi nyumbani.

Malipo yenyewe hayana huruma. Spotify ilifungua huduma zake Tanzania na Kenya mwaka 2021, lakini tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 hauingizwi kwenye mgao wake wa mrabaha. Anayepandisha nyimbo mbichi 30 kwa mwaka anaweza kuambulia sifuri mara 30. Nyimbo nne zilizoiva zina nafasi nzuri zaidi, na wala hazidai vifaa vya ziada.

Kwa hiyo, kijana mwenye wimbo ndani ya kompyuta yako leo, usiulize kwanza ununue maiki gani. Wape watu watatu wausikie, rekebisha wanachokosoa, kaa chini na kila aliyeshiriki mwandike nani ana nini, kisha peleka kazi COSOTA ndipo uipandishe. Mlango uko wazi kwa kila mtu sasa. Watakaofaidika ni wale wanaoingia na wimbo uliokamilika na karatasi mkononi.