Sungura Aliyepooza Miguu ya Nyuma: Maumbile Yake na Matunzo Yake Katika Pwani ya Mtwara

Mtu akitaja sungura katika pwani yetu ya kusini, msikilizaji hukumbuka kwanza yule mjanja wa hadithi. Huyo ni mnyama wa porini, aishiye juu ya ardhi na kuzaa watoto wenye manyoya na macho yaliyo wazi. Sungura afugwaye katika nyumba na shule za Mtwara, Mikindani na vijiji vya mlango wa Ruvuma ni mnyama mwingine. Jina lake la kisayansi ni Oryctolagus cuniculus. Asili yake ni Hispania na kusini ya Ufaransa, makao yake ni mashimo yenye ubaridi, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu.

Hutokea sungura wa namna hii akaonekana asubuhi akiburuta miguu yake ya nyuma. Wenye nyumba wengi hufanya moja kati ya mambo mawili: humchinja siku ile ile, au humwacha pembeni mwa banda wakitumaini atapona mwenyewe. Katika makala haya tutaeleza kwamba iko njia ya tatu, na kwamba njia hiyo husimama juu ya jambo moja la kuelewa. Miguu ya nyuma ya sungura haifanyi kazi ya kutembea tu. Humwezesha kujitenga na mkojo wake, kujisafisha, kula kinyesi chake laini, kufikia maji na kukimbilia kivuli. Kazi hizo zikikosa mtendaji, mnyama hufa hata kama ugonjwa wenyewe haukuwa wa kuua. Kumtunza ni kuzifanya kazi hizo kwa niaba yake.

Maumbile ya mgongo

Mifupa ya sungura ni myepesi mno. Uzito wake wote ni kama asilimia 7 hadi 8 ya uzito wa mwili, ilhali kwa paka ni kama asilimia 12 hadi 13. Juu ya mifupa hiyo dhaifu imewekwa misuli ya mapaja yenye nguvu nyingi sana. Matokeo yake ni kwamba sungura anaweza kujivunja mgongo mwenyewe. Akishikwa vibaya, sehemu ya nyuma ikaning'inia bila kushikiliwa, kisha akapiga teke kwa hofu, nguvu ya teke hilo hurudi mgongoni. Mahali panapovunjika mara nyingi ni kwenye pingili ya mwisho ya kiuno, ambayo ni ya saba, au karibu na hapo. Ndani ya pingili hizo umepita ugwe wa neva, unaopeleka habari baina ya ubongo na miguu. Ugwe ukibanwa au kukatika, miguu hupooza.

Ndiyo maana sungura hapasi kuinuliwa kwa masikio. Mkono mmoja uwe chini ya kifua, na wa pili ubebe matako.

Sababu nyingine

Si kila kupooza hutokana na kuvunjika. Kiko kimelea kidogo sana kiitwacho Encephalitozoon cuniculi, ambacho hukaa katika ubongo, ugwe na figo za sungura na kuenezwa kwa njia ya mkojo. Huyo mgonjwa hudhoofika miguu polepole, na pengine kichwa chake huinama upande. Sungura mzee, kwa kuwa huweza kufikisha miaka 8 hadi 12, hupatwa na ugumu wa viungo vya mgongo. Mwingine hakupooza kabisa, ila nyayo zake zina vidonda kwa kukaa juu ya waya, naye huogopa kukanyaga. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua hali ilianza vipi: ghafla baada ya mshtuko, au kidogo kidogo?

Ikiwa ni ghafla, alazwe juu ya ubao uliotandikwa kanga, asikunjwe wala kupinduliwa, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Daktari atabana kidole cha mguu uliopooza. Hapa pana somo zuri kwa mwanafunzi wa biolojia. Mguu ukirudi nyuma baada ya kubanwa, hilo peke yake halithibitishi kwamba ugwe ni mzima, kwa kuwa tendo hilo lisilo la hiari hukamilika katika ugwe wenyewe, chini ya mahali palipoumia, bila ubongo kuhusika. Kinachotakiwa ni sungura ageuze kichwa, ashtuke au alie. Hapo ndipo tunapojua kwamba habari ya maumivu imefika katika ubongo, na tumaini la kupona ni kubwa zaidi. Kipimo hiki ni cha daktari. Kisirudiwe darasani kwa ajili ya maonyesho.

Kuzifanya kazi za miguu

Kwanza, mkojo. Mkojo wa sungura una chokaa nyingi, na kwa hali ya kawaida huwa mzito kama maji ya ukoko. Sungura aliyepooza hulala juu yake, ngozi ikababuka. Sehemu ya nyuma ioshwe asubuhi na jioni kwa maji ya uvuguvugu, ikaushwe kabisa kwa kitambaa laini, na manyoya marefu yakatwe. Wengine hushindwa kabisa kutoa mkojo. Kibofu hujaa, na chokaa hutuama ndani yake kama tope. Daktari anaweza kumfundisha mwenye sungura namna ya kukikamua kibofu kwa upole, lakini mtu asijaribu kabla ya kufundishwa, kwa maana kibofu huweza kupasuka.

Pili, inzi. Katika joto na unyevu wa pwani, inzi hutaga mayai katika manyoya yaliyochafuka, na katika muda wa siku moja mabuu huanza kula ngozi. Banda liwe na wavu mwembamba, na mgonjwa akaguliwe chini ya mkia mara mbili kwa siku bila kukosa.

Tatu, kinyesi laini. Sungura hutoa kinyesi cha aina mbili. Kile laini hutoka katika kifuko kikubwa cha utumbo kiitwacho sikamu, ambamo bakteria hutengeneza protini na vitamini za kundi B. Mnyama mzima hujikunja na kukila moja kwa moja kinapotoka. Asiyeweza kujikunja hukosa lishe hiyo, na kinyesi humganda. Kikusanywe kingali kibichi, kiwekwe mbele ya mdomo wake.

Nne, malazi. Atandikiwe nyasi kavu nyingi juu ya kitambaa, zibadilishwe zikilowa, na ageuzwe upande kila baada ya saa chache ili asipate vidonda vya kulalia. Hapa Mtwara, nchi ya mikorosho, pana onyo la pekee: maganda ya korosho yasitumiwe kuwa matandiko. Yana mafuta makali yanayounguza ngozi, kama wajuavyo wabanguaji wa korosho kwa mikono yao.

Tano, kivuli. Sungura hana jasho la kumpoza. Hutegemea masikio yake, yenye mishipa mingi ya damu, kutoa joto. Joto likipita nyuzi 30 za Selsiasi huanza kuteseka, na miezi ya Novemba na Desemba pwani hii hufikia kiwango hicho mara nyingi. Mzima husogea, aliyepooza hubaki jua lilipomkuta. Banda liwekwe chini ya mti au paa la makuti, upande unaopata upepo wa bahari. Mchana wa joto kali awekewe ubavuni chupa ya maji baridi iliyozungushiwa kitambaa, na masikio yapanguswe kwa maji.

Chakula na dawa

Msingi wa chakula ni nyasi, kama ukoka, mbichi na kavu, zikifuatwa na majani kidogo ya viazi vitamu au mchicha. Maji yawe katika chombo kifupi asichohitaji kunyanyuka kukifikia. Sungura asiyekula kwa muda wa saa 12 yu katika hatari, kwa sababu utumbo wake ukisimama ni vigumu kuuanzisha tena.

Majani mabichi ya muhogo mchungu yaepukwe. Yana linamarini, ambayo jani likitafunwa hutoa sumu ya sianidi. Wakazi wa kusini hawana haja ya kuambiwa mara mbili juu ya muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa huo ulionekana Mtwara. Konzo ni ugonjwa wa binadamu, wala hatusemi kwamba ndio unaompata sungura. Tunalosema ni kwamba sianidi ni sumu kwa wote wawili.

Kuhusu dawa, tahadhari ni kubwa zaidi. Ampisilini na amoksilini, ambazo watu wengi huwa nazo nyumbani, zikinyweshwa sungura huua bakteria wazuri wa sikamu na kuwaacha waharibifu watawale. Mnyama huweza kufa kwa kuhara. Ziko dawa zinazomfaa, za kutuliza maumivu na za kupambana na kile kimelea, kama vile fenbendazoli, lakini kipimo chake hutolewa na daktari. Anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni, kwani kimelea hicho huweza kumwingia mtu ambaye kinga ya mwili wake ni dhaifu.

Kuamua

Sungura aliyepooza anaweza kuishi vema kwa muda mrefu ikiwa anakula, anasafishika na ana watu wa kumhudumia kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Lakini sungura huficha maumivu. Hapigi kelele, hujikunyata, husaga meno, huacha kujipangusa uso. Ikiwa dalili hizo zinaendelea licha ya dawa, au vidonda havifungi, au nyumbani hakuna mwenye nafasi ya kumwosha mara mbili kwa siku, basi kumwomba daktari ampumzishe ni sehemu ya matunzo. Nyama ya mnyama aliyetibiwa isiliwe bila idhini ya daktari.

Ili uamuzi huo usitegemee huruma ya siku moja wala uchovu wa siku moja, shule inayofuga sungura iweke daftari. Kila asubuhi liandikwe chakula kilicholiwa, wingi wa kinyesi, hali ya mkojo na hali ya ngozi, na kila wiki uzito kwa gramu. Wanafunzi wachore uzito huo katika grafu. Mstari unaoshuka kwa wiki mbili mfululizo utawaambia jambo ambalo sungura mwenyewe hawezi kulisema, nao watakuwa na sababu ya kumwita daktari kabla hawajachelewa.