Ujuzi wa Mtoa Huduma Ndio Msingi wa Mifumo ya Kidijitali ya Tiba

Mifumo ya kompyuta inayomsaidia mtoa huduma za afya kufanya uamuzi imeanza kutumika katika zahanati na vituo vya afya katika nchi mbalimbali, ikiwemo Tanzania. Mzazi anayemwona tabibu akijaza taarifa za mtoto wake kwenye kishikwambi ana haki ya kuuliza ni nani anayeamua tiba. Mwenye dhamana hiyo ni mtaalamu, na manufaa ya mfumo hutegemea kwa kiasi kikubwa ujuzi alionao.

Mfumo wa aina hii haumwoni mgonjwa. Humuuliza mtoa huduma maswali kwa mpangilio, yakiwemo umri, uzito, siku za homa na hali ya kupumua. Kisha hulinganisha majibu na mwongozo wa tiba uliowekwa ndani yake na kupendekeza kipimo, dawa au rufaa. Mifumo mingi ya kutibu watoto chimbuko lake ni mkakati wa Udhibiti wa Magonjwa ya Watoto kwa Uwiano, ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF katika miaka ya 1990.

Kwa mujibu wa mkakati huo, mtoto mwenye kikohozi aliye na umri wa miezi 2 hadi chini ya miezi 12 huhesabiwa kuwa anapumua haraka akifikisha pumzi 50 au zaidi kwa dakika. Kwa mwenye miezi 12 hadi chini ya miaka 5, kiwango ni pumzi 40. Pumzi huhesabiwa kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Mtoa huduma akihesabu wakati mtoto analia, mtoto wa miezi 10 mwenye pumzi 44 anaweza kuandikiwa pumzi 54. Mfumo utapendekeza antibiotiki asiyoihitaji, kwa kuwa hauna namna ya kulitambua kosa hilo.

Mfumo ukitumika ipasavyo, manufaa yake ni makubwa. Utafiti uliofanyika katika vituo 40 vya kutolea huduma mikoani Mbeya na Morogoro, na kuchapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Medicine, ulionesha kuwa antibiotiki ziliandikwa kwa asilimia 23.2 ya watoto katika vituo vilivyotumia mfumo wa ePOCT+, ikilinganishwa na asilimia 70.1 katika vituo vilivyoendelea na utaratibu wa kawaida. Upungufu huo haukuongeza idadi ya watoto walioshindwa kupona. Katika vituo vyenye mfumo, watoa huduma walipatiwa pia mafunzo na usimamizi.

Hatari hujitokeza pale mtumiaji anapouamini mfumo kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Radiology uliwahusisha wataalamu 27 wa radiolojia waliosoma picha za matiti huku wakioneshwa mapendekezo yaliyoelezwa kuwa ya akili unde. Pendekezo lilipokuwa sahihi, wasio na uzoefu walipatia kwa asilimia 79.7 na wabobezi kwa asilimia 82.3. Pendekezo lilipokuwa na kosa, wasio na uzoefu walishuka hadi asilimia 19.8 na wabobezi hadi asilimia 45.5. Uzoefu uliwakinga wabobezi kwa kiasi, lakini hata wao walipotoshwa.

Kwa hiyo, mtumiaji anahitaji ujuzi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa taaluma yake, utakaomwezesha kupima, kuhesabu na kuchunguza kwa usahihi. Wa pili ni wa kuufahamu mfumo wenyewe: unatumia taarifa zipi, umetengenezwa kwa ajili ya wagonjwa gani na unaishia wapi. Kugawa vifaa bila mafunzo endelevu huacha pengo ambalo mgonjwa ndiye hulilipia.

Matumizi holela ya antibiotiki huchochea usugu wa vimelea dhidi ya dawa, hali inayofanya maambukizi yaliyokuwa yakitibika kwa urahisi kuwa magumu kutibu. Mwananchi naye ana wajibu wa kuzuia hali hiyo. Mzazi aeleze kwa usahihi siku ambazo mtoto amekuwa na homa na dawa alizokwishapewa, amtulize mtoto wakati wa kuhesabiwa pumzi, na asishinikize kuandikiwa antibiotiki. Aulize pia sababu ya tiba iliyopendekezwa, na amrudishe mtoto kituoni mara moja iwapo hali yake itabadilika.