Kula Kiambere: Samaki wa Bwawa, Muthokoi na Dalili za Hoteli Salama

Wakazi na wageni wanaofika wadi ya Kiambere, Kaunti Ndogo ya Mbeere Kusini, hawahitaji kutafuta chipsi ili washibe. Vyakula vya eneo hili vinapatikana katika hoteli ndogo na vibanda vya sokoni, na kila sahani inayouzwa huacha pesa mikononi mwa mkulima au mvuvi wa hapa. Muhimu ni kujua cha kuagiza na cha kuchunguza kabla ya kulipa.

Samaki wa bwawa

Bwawa la Kiambere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka wa 1988, ndilo la mwisho kati ya mabwawa matano ya Seven Forks katika mto Tana, baada ya Masinga, Kamburu, Gitaru na Kindaruma. Wavuvi hutoa humo tilapia na kambare. Samaki hukaangwa, au hukaangwa kisha hutiwa mchuzi wa nyanya, na kuliwa kwa ugali na mboga za kienyeji.

Joto la Kiambere huharibu samaki haraka. Mwombe mwenye hoteli akuonyeshe samaki kabla hajapikwa. Aliye mzima ana macho angavu, matamvua mekundu na nyama inayorudi ukiibonyeza. Akiwa na macho yaliyozama au harufu kali, mkatae.

Muthokoi, ndengu na mtama

Muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa pamoja na mbaazi, kunde au ndengu. Ndengu mpya hupatikana baada ya mvua za Oktoba hadi Desemba. Mtama hutoa uji na ugali, na hustahimili ukame kuliko mahindi. Mkulima akipata mnunuzi wa uhakika, ataendelea kuupanda.

Nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu huota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini, na kuipika hakuimalizi sumu hiyo. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kaunti iliyo ng'ambo tu ya Tana. Wenye hoteli wanunue nafaka iliyokauka vizuri. Yenye ukungu isipikwe wala isilishwe mifugo.

Kabla ya kuketi

Sheria inamtaka kila anayeshika chakula cha kuuza awe na cheti cha afya, na apimwe upya kila baada ya miezi sita. Hoteli nayo iwe na leseni ya biashara. Mteja ana haki ya kuuliza. Angalia pia mambo haya:

• Kuna maji safi na sabuni ya kunawa mikono.
• Chakula kimefunikwa na kinatolewa kikiwa moto.
• Anayepokea pesa hashiki chakula kabla ya kunawa.
• Choo ni kisafi na kiko mbali na jiko.

Ukiona uchafu au ukiugua baada ya kula, mweleze afisa wa afya ya umma aliye karibu nawe au fika katika kituo cha afya mara moja. Taarifa ya mapema huokoa wateja wengine.